Ratili Thelathini na Mbili za Eliapenda

Daftari mlilonipa siku ya kuniaga limekaa mezani kwangu wiki tatu bila kuguswa. Mlisema niandike niliyoyaona kazini, ili yale tuliyojifunza kwa shida ninyi manesi vijana myapate kwa kusoma. Habari za vyeo na mshahara hamtazikuta humu. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za mizani, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yangu imekwisha nikiwa nimesimama mbele ya mizani, na habari za mwanamke mmoja niliyempima. Anayetaka ya kuchekesha asome kurasa za mwanzo kisha afunge daftari.

Nilianza kazi miaka michache kabla ya vita ya Hitla, katika zahanati ya serikali hapa Arusha mjini. Nilikuwa msichana wa Kimeru kutoka Poli, nimesoma shule ya misheni mpaka nikaweza kuandika barua bila kusaidiwa, na nilidhani siku ya kwanza nitavikwa kofia nyeupe. Nilipewa karai la bandeji zenye usaha na kipande cha sabuni, nikaonyeshwa njia ya kwenda mto Themi. Nilifua bandeji miezi mitano. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche, mikono yangu inakumbuka baridi ya yale maji.

Aliyeniokoa na karai ni Bwana Yona, dresa wa siku nyingi, yaani mfunga vidonda na mgawa dawa, Mchaga mfupi mwenye sauti ya upole na ulimi mkali. Alikuta nimeanika bandeji kwa kufuata upana wake, nyembamba upande huu na pana upande ule. Alizitazama kitambo, akasema mtu mwenye wazimu wa namna hii afadhali akae na vitabu kuliko sabuni. Kesho yake akaniweka kwenye meza ya kadi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi yote niliyoijua. Nilijifunza kuchemsha sindano, kumshika mtoto anayerusha miguu, na kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize hata kama anaanza na habari za ng'ombe. Lakini somo lake kubwa lilikuwa la kalamu. "Ruti," aliniambia, "kalamu ikishagusa kadi, usifute. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika ya kweli pembeni, ili anayesoma alione kosa lako. Siku utakayojifunza kufuta, utakuwa umejifunza kudanganya." Nililishika neno hilo kuliko hata katekisimu. Katika miaka yangu yote sikufuta kadi hata moja, na kila mkubwa aliyenikagua alilisifu jambo hilo.

Vita ilipokwisha, alikuja daktari mwanamke wa Kiingereza, ambaye sisi sote tulimwita Mama Daktari. Alitaka kliniki ya akina mama kule Tengeru, siku ya soko, maana alisema wanawake wako sokoni tayari, kwa nini tuwaite mjini. Tulipewa banda pembeni mwa ghala la kahawa. Dawa tulikuwa nazo, meza tulikuwa nayo, mizani ya watu hatukuwa nayo. Basi tukaazima mizani ya kahawa, ile ya kuning'inia yenye uso wa duara na mshale, tukafunga ubao kwa kamba mahali pa gunia. Mwanamke alikaa juu ya ubao, miguu ikaacha ardhi, nami nikasoma ratili, yaani paundi za uzito wake.

Mwanzoni hawakuutaka ule ubao. Wengine walisema wanaopimwa watauzwa, wengine walisema mimba itaanguka. Mimi nilikuwa kijana na nilitaka kliniki ijae, nikabuni njia. Kila nilipompima mtu nilitangaza ratili zake kwa sauti, kisha nikasema, "Hongera, mama." Lazima mjue jambo moja ili mwelewe kwa nini njia hiyo ilifaulu. Kwetu mlimani, mwanamke akijifungua haingii shambani. Anakaa ndani miezi mitatu, mama mkwe anamlisha: maziwa, mtori, nyama, supu yenye mafuta ya kondoo asubuhi na jioni. Siku anapotoka, watu wanamtazama yeye kabla ya kumtazama mtoto. Akitoka amenawiri, nyumba ile imesifiwa. Akitoka mkavu, mume na mama yake hawana pa kuficha uso. Sasa mimi nilikuwa nimewaletea namba ya kusifiana nayo.

Kliniki ilijaa. Mama wakwe walileta wakwe zao wakiwa wamewashika mkono, wakakaa kwenye benchi kusikiliza. Nikitaja namba kubwa, benchi zima lilipiga makofi. Kadi zilikwenda nyumbani zikawekwa kwenye kopo moja na vyeti vya ubatizo, na mgeni anayejua kusoma aliombwa azisome. Siku moja nilimpima mama mmoja mwembamba wa Akheri, mshale ukapanda mpaka nikaugonga kwa kidole nikidhani umekwama. Alipoteremka, jiwe la kusagia ugoro lilidondoka kutoka kwenye khanga yake. Hakuona haya. Aliniambia, "Nesi, mama mkwe wangu ananilisha vizuri sana, ni mwili tu unaokataa. Nilitaka apate haki yake." Tulicheka mpaka Mama Daktari akatoka kuuliza kuna nini.

Mimi mwenyewe nilikuwa mwembamba, na bado. Sikuolewa. Nyuma yangu waliniita Nesi Mkavu, na mbele yangu pia, kama walikuwa na umri wa kutosha. Nilipojaribu kumwambia mtu apunguze mafuta, jibu lilikuwa tayari: huyu anataka sote tufanane naye. Nililizoea jambo hilo, au nilidhani nimelizoea.

Mama Daktari alikuwa na daftari kubwa ambalo alinitaka nilijaze kwa kila mwanamke mwenye ratili nyingi. Kulikuwa na safu ya umri, ya idadi ya uzazi, ya kazi ya mume, ya mahali anapokaa, na safu ya mwisho iliyoniudhi sana: nani anachota maji nyumbani? Niliona ni maswali ya Kizungu ya kupitisha siku. Nilijaza bila kusoma nilichojaza. Leo nikifungua daftari lile, na ninalo hapa, habari yote imo. Wazito ni wake wa makarani, wa walimu, wa wapishi wa mashamba ya Wazungu, na wa watu wenye kahawa nyingi. Wako wake wa wenye maduka wa Kihindi kule mjini, wasiovuka kizingiti tangu Jumatatu mpaka Jumamosi. Ni wanawake waliopita thelathini, waliozaa mara nne, mara sita, na kila uzazi umeacha mzigo wake juu ya ule wa kwanza. Na kwenye safu ile ya mwisho, karibu wote, anayechota maji ni mtu mwingine. Wajane hawamo. Wanawake wa kule juu karibu na msitu, wanaoteremka na kuni mgongoni, hawamo kabisa. Nilikuwa nayo hiyo mkononi mwangu kwa mwandiko wangu mwenyewe, na kila siku ya soko niliendelea kusema hongera.

Eliapenda alikuja kliniki bei ya kahawa ilipokuwa imepanda na kila mtu mlimani alikuwa akiezeka bati. Mimi na Penda, ndivyo tulivyomwita, tulipata kipaimara siku moja, tukiwa tumekaa benchi moja. Wakati huo alikuwa msichana wa kupanda kutoka mferejini na mtungi kichwani huku akiimba, nasi wengine tukihema nyuma. Aliolewa na Zefania, karani aliyepima kahawa kwenye chama cha wakulima, mtu mpole na msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mke wa karani hakutakiwa kuonekana na jembe. Aliwekewa msichana wa kuchota maji na mwingine wa shamba, na mama mkwe wake, Mama Zefania, alimpenda kuliko binti zake mwenyewe. Uzazi wa nne ulipokwisha, Penda alikaa juu ya ubao wangu, kamba zikalia. Nilitangaza ratili mia mbili na kumi na mbili. Benchi lilipiga makofi kuliko siku zote, na Mama Zefania aliinama kidogo kama mtu aliyepewa zawadi.

Penda hakucheka. Alininong'oneza, "Ruti, mwenzangu, nataka kuonana na Mama Daktari. Peke yangu. Mwambie mama akae hapo nje."

Ndani alisema mambo ambayo ninyi mnayajua, lakini wakati ule mimi niliyajua kwa kitabu tu. Anakunywa maji usiku na mchana na kiu haiishi. Akitembea mpaka kanisani anakaa njiani mara tatu. Nyuma ya choo chao, sisimizi wamehamia kufuata mkojo wake. Mama Daktari alichukua mkojo, akautia kwenye kichupa chembamba chenye dawa ya bluu, akachemsha juu ya taa ya spiriti. Rangi iligeuka kijani, ikawa njano, ikaishia rangi ya tofali. Akasema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri bila kuongeza wala kupunguza: ana ugonjwa wa sukari, aache mafuta na sukari, ndizi ale kidogo, atembee kila siku, ashike kazi ya mikono, apungue.

"Amesema nishike jembe?" Penda aliuliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Kwamba ni dawa?"

"Ni dawa."

Aliziba mdomo kwa khanga akacheka, machozi yakimtoka. "Miaka kumi nalitazama shamba langu kupitia dirishani. Mwambie Mungu ambariki." Kisha akanishika mkono. "Lakini neno la ugonjwa lisitoke hapa. Wakijua naumwa watanilaza. Mgonjwa kwetu hashiki jembe, mgonjwa analishwa. Niahidi." Nikamwahidi.

Miezi iliyofuata naikumbuka kwa furaha, na ndiyo maana inaniuma kuikumbuka. Aliamka mapema akaenda kwenye migomba ya mbali, ile ya kuelekea korongoni, akalima kabla watu hawajaanza kupita. Alimtuma msichana wa maji dukani ili achote mwenyewe. Kila mara alipokuja kliniki alikuwa mwepesi zaidi. Mama Daktari alichemsha kichupa chake, rangi ikawa njano, mwezi mwingine kijani, mwezi mwingine bluu yenye ukijani kidogo tu. Alirudi kuimba. Siku moja alinionyesha viganja vyake, vina malengelenge, kama mtu anayeonyesha pete.

Na mimi nilikuwa bado natangaza. Hapo ndipo pa kunishangaa. Nilijua anachopigania, na bado kila alipokaa kwenye ubao nilitaja namba yake kwa sauti ile ile niliyoizoea. Mia mbili na tatu. Mia moja tisini na tano. Benchi lilinyamaza. Mara ya tatu, Mama Zefania alivuta khanga akafunika uso mbele ya wanawake wenzake. Niliona, nikamwita mwingine apande.

Baada ya hapo maneno yakaanza sokoni. Zefania ana mwanamke mjini, Kaloleni. Zefania anakunywa. Mama mkwe anafungia maziwa. Ukitazama nyumba ile kwa macho ya watu wetu, hakukuwa na maelezo mengine. Mwanamke anakonda, watoto wake wako hai, mimba hana, njaa hakuna mlimani. Basi kuna mtu anayemtesa.

Kliniki iliyofuata Penda alikuja akiwa wa kwanza, kabla benchi halijajaa. Alipanda kwenye ubao. Mshale ulisimama kwenye mia moja na themanini. Kabla sijafungua mdomo aliweka kidole kwenye midomo yake.

"Leo usitangaze," alisema.

"Sawa, sitatangaza."

"Na kwenye kadi uniandikie zile za mwanzo. Mia mbili na kumi na mbili. Kaka zangu wanakuja mwisho wa mwezi. Wakiikuta kadi inasema mimi ni yule yule, watasema macho yao ndiyo yamekosea, wataondoka. Niache nipate msimu mmoja tu wa kulima kwa amani."

Nilimwambia siwezi. Nilimweleza habari ya kalamu na kufuta na kudanganya, maneno yote ya Bwana Yona, kwa sauti ambayo nikiikumbuka leo natamani kuikimbia. Nikamalizia kwa kusema, "Penda, kadi si kitu changu cha kuchezea."

"Si chako," alisema. "Ni changu. Ina jina langu."

Nikaandika mia moja na themanini. Mwandiko ulikuwa mzuri. Aliichukua, akaitazama, akaifunga kwenye pindo la khanga akaondoka bila kuaga, na yeye hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga.

Kaka zake walikuja kama alivyosema, na wazee wa pande zote mbili wakakaa uani kwa Zefania, pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Nikaitwa nije kwa kuwa kadi niliiandika mimi. Nilivaa gauni la kazi, nimelipiga pasi. Kaka yake mkubwa alisema kwa upole, "Shemeji, tulikupa mtu, sasa tunaona mifupa. Hatukuja kugombana. Tumekuja kuuliza." Kadi ikatolewa kwenye kopo, mzee wa kanisa akazisoma namba moja moja kutoka juu mpaka chini. Kila namba ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Zefania alikuwa amevua kofia. Alisema, "Wazee wangu, mimi sijui kilichompata mke wangu. Chakula kipo. Lakini kazi yangu mimi ni mizani. Siwezi kusimama hapa nikabishana na mizani."

Penda alisema, "Nakula na nashiba. Nalima kwa kupenda."

Watu walicheka, hata kaka zake. Mke wa karani analima kwa kupenda. Walidhani anamsitiri mumewe, na wakampenda zaidi kwa hilo.

Mzee wa kanisa akanigeukia. "Nesi, namba hizi ni za kweli?"

"Shikamoo, mzee. Ni za kweli."

"Marahaba. Hakuna uliyokosea?"

"Hakuna."

"Una neno jingine?"

Penda aliniangalia. Aliinamisha kichwa kidogo sana, mara moja. Nilimwelewa vizuri, alikuwa ananifungua kwenye ahadi yangu: sema. Mama Zefania alikuwa amekaa mbele yangu, rika la mama yangu, macho yamemvimba kwa kulia. Nilipaswa kumwambia mbele ya ukoo mzima kwamba chakula alichompikia mkwewe kwa mapenzi ndicho kilichomuumiza. Na anayesema hayo ni mimi, mwembamba, nisiye na mume wala mtoto. Nilikisikia kicheko kabla hakijaja. Huyu anataka sote tufanane naye.

Nikasema, "Sina, mzee."

Ilikuwa hukumu ya upole. Hakuna aliyetukanwa. Walikubaliana kwamba Zefania ni mtu mwema aliyezembea, na kwamba Penda arudishwe ndani kama mzazi, miezi mitatu, alishwe kwa kondoo wa pande zote mbili. Kaka zake waliwaleta wenyewe wiki ile ile, wanne, wenye mikia mizito. Nilirudi mjini nikijiambia nitamweleza Mama Daktari, yeye ataandika barua. Mama Daktari alikuwa ameondoka kwenda likizo Ulaya, na aliyeshika nafasi yake hakuwa na habari na Tengeru.

Nilimweleza Bwana Yona. Alikuwa anaosha sindano. Aliniuliza nilisema nini barazani. Nikamjibu nilisema kadi ni ya kweli. Aliendelea kuosha mpaka sindano zote zikaisha, kisha akakausha mikono. "Basi nilikufundisha nusu," alisema.

Nilipanda mlimani wiki ya saba, Jumapili, baada ya ibada. Ningeweza kwenda wiki ya kwanza; sina sababu ya kuwapa. Mama Zefania alinipokea kwa furaha ya kweli. "Karibu, mwanangu, njoo umwone mtu wako. Utajua kama tumelala." Ndani, Penda alikuwa amelala ubavu karibu na moto, amejaa, uso unang'aa kwa mafuta, kibuyu cha maji mkononi. Macho yake yalinitafuta kwanza kabla ya kunipata.

"Umekuja na mizani?" aliniuliza. "Leo benchi lingepiga makofi."

Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa jani la mgomba. Alikuwa ameuegemeza kwenye jiwe la jikoni akasinzia, ukaungua, naye hakuhisi kitu. Wamempaka samli. Nilifungua lile jani. Harufu niliijua tangu enzi za karai.

Tulimteremsha mjini kwa lori la kahawa, Zefania akimshikilia kichwa njia nzima. Mguu ulikatwa. Hakupona. Alifariki kabla ya mvua za vuli, akazikwa kwenye migomba, si ile ya mbali aliyoipenda, bali iliyo karibu na nyumba kama inavyostahili mke wa mtu. Nilisimama na wanawake. Mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya kufariji, "Walimtunza. Mpaka mwisho hakupungua hata kidogo." Wengine wakaitikia.

Mama Zefania alinifuata njiani nilipokuwa naondoka. Alinishika mikono yote miwili. "Nesi, nilimlisha kama niliyemzaa. Niambie wewe uliyesoma. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea, mama," nikasema.

Ukiacha lile "Sina" la barazani, hilo ndilo neno la uongo la kwanza nililolisema tangu nianze kazi. Lilitoka kwa urahisi kabisa. Nililia kwa sababu hiyo, barabara nzima mpaka kule Usa chini ya mlima, kwamba lilikuwa rahisi namna ile na mimi nilikuwa nimelichelewesha.

Yaliyofuata mengine mnayajua, mmeyakuta. Pazia la mizani ni langu, nililishona mwenyewe kwa shuka la wodini. Kutotangaza ratili ni amri yangu. Swali mnaloliona la ajabu, lile la kumwuliza mwanamke nani nyumbani atasoma kadi hii kabla hamjaandika kitu, sikulitoa kwenye kitabu chochote. Na safu ya nani anachota maji msiifute, hata wakija wakubwa wapya na karatasi mpya. Siku hizi kila mtu anazungumza habari za uhuru na bomba litafika kila kijiji. Nami nataka bomba lifike. Nimebeba mtungi vya kutosha. Ila bomba likifika, mtazameni kwa makini mama aliyekuwa akienda mtoni, mwulizeni anafanya nini na asubuhi zake.

Siku ya kuniaga, yule bwana wa wilaya alisimama akasema kwamba katika miaka yote hiyo, Nesi Ruti hakuandika namba ya uongo hata moja. Mlipiga makofi. Niliona mnanitazama nyinyi wadogo, mkitamani nanyi msemwe hivyo siku moja. Niliinamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu.

Zefania mwenyewe aliniletea kadi ya Eliapenda, mwaka mmoja baada ya msiba. Alisema kopo lake lina vyeti vya watoto na hataki vikae pamoja. Ninayo ndani ya daftari hili, mkifungua ukurasa wa mwisho mtaikuta. Hakuna palipofutwa. Namba zote ni za kweli, kutoka juu mpaka chini, na mwandiko unasomeka vizuri. Zilikuwa ratili thelathini na mbili tu alizoniomba, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.